Njaa Isiyoonekana: Kasulu, Chumvi na Mtoto Ambaye Bado Hajazaliwa



Mara nyingi hapa tunazungumza hina, singo, nguo za harusi na adabu za nyumba. Leo tunakuleteeni historia kutoka mbali na pwani yetu: milima ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, jirani na Burundi. Inawahusu akina mama waliokuwa wakila na kushiba, lakini watoto wao wakapata njaa tumboni bila ya mtu kujua. Tunaomba kila biharusi mtarajiwa aisome mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wake umo jikoni kwake.

Njaa ya mama hubaki kwa mtoto

Tuanze na jambo ambalo wataalamu walilifahamu kwa uchungu. Katika majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kisifike magharibi mwa Uholanzi. Mgao wa mtu mmoja ulishuka chini ya kalori 1000 kwa siku, na katika wiki mbaya zaidi ukafika kati ya 400 na 800. Vita vilipokwisha mwezi Mei 1945, chakula kikarudi.

Njaa ile ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na wakunga na hospitali walikuwa wameandika kumbukumbu za uzazi. Kwa hiyo miaka mingi baadaye watafiti waliweza kuwatafuta watu waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati ule na kuwapima. Walikuta kwamba waliopitia njaa tumboni walikuwa na matatizo zaidi ya sukari mwilini walipofika utu uzima. Wale ambao mama zao walishikwa na njaa miezi ya mwanzo ya mimba walipata zaidi maradhi ya moyo na unene. Baadhi yao walizaliwa na uzito wa kawaida kabisa. Mtoto alionekana mzima, lakini mwili ulikuwa umeshajipanga kwa maisha ya dhiki.

Katika miaka ya 1980 daktari wa Kiingereza, David Barker, naye alionyesha kwamba sehemu za Uingereza ambako watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20 ndizo hizo hizo zilizokuja kuwa na maradhi mengi ya moyo baadaye. Tangu hapo elimu ya uzazi ikabadilika. Afya ya mtu wa miaka 50 ikaanza kutazamwa tangu alipokuwa tumboni.

Lakini kuna njaa ambayo haina foleni ya mkate wala mgao. Sahani inajaa, tumbo linashiba, na bado mwili unakosa kitu kimoja kidogo sana. Njaa ya namna hiyo ndiyo iliyokuwepo Kasulu.

Nchi ya mvua na chumvi

Wazee wetu wa pwani waliijua njia ya Kigoma. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mji ambao mpaka leo una Waislamu wengi na Kiswahili kilichokomaa. Kaskazini mwa njia hiyo ndiyo nchi ya Waha. Henry Morton Stanley alipopita huko mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, alilalamika sana juu ya hongo alizotozwa na watawala wa Uha. Kasulu ilikuwa katika utawala wa Heru, ambao katika miaka ya kabla ya uhuru uliongozwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Uha ni nchi ya kijani. Mvua ni nyingi, mahindi na maharage yanastawi, ndizi na mihogo ipo. Mtu akifika hawezi kudhani kuna kinachokosekana. Lakini mvua hizo hizo, zikinyesha juu ya miteremko kwa maelfu ya miaka, huosha udongo na kuchukua madini yanayoyeyuka kwa urahisi. Mojawapo ni iodini, ambayo wengi tunaiita madini joto. Udongo ukiikosa, mahindi yanaikosa, na anayekula mahindi pia anaikosa. Ndiyo maana tatizo hili limeonekana milimani sehemu nyingi za dunia, kuanzia Alpi za Ulaya mpaka Himalaya.

Mihogo nayo inaweza kuongeza uzito wa jambo. Mihogo michungu isipolowekwa na kukaushwa vizuri hubakiza sumu, na mwili unapoivunja sumu hiyo, kinachozalishwa huzuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Wataalamu wa Ubelgiji walilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki ya Kongo, ambako rovu lilikuwa limeenea.

Cha kushangaza, Kigoma ni nchi ya chumvi. Huko Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yake ilisafirishwa na kuuzwa mbali. Lakini chumvi ya asili, iwe ya chemchemi au ya bahari, kwa kawaida haina iodini ya kutosha mpaka ichanganywe kwa makusudi. Kwa hiyo mama wa Kasulu angeweza kutia chumvi katika kila chungu na bado akabaki na upungufu.

Rovu ni sehemu inayoonekana tu

Dalili iliyojulikana ni rovu, yaani uvimbe wa tezi iliyopo mbele ya shingo. Tezi hiyo hutumia iodini kutengeneza homoni zinazoendesha mwili mzima. Ikikosa iodini, hujitanua ikijaribu kukamata hata kidogo kinachopita. Katika miaka ya 1980, takriban 25% ya watoto wa skuli waliopimwa Tanzania Bara walikuwa na rovu.

Rovu linaonekana, na kwa mwanamke ni aibu na mzigo. Lakini madhara makubwa yalikuwa ndani. Mama mwenye upungufu mkubwa yuko katika hatari zaidi ya mimba kuharibika au kuzaa mtoto aliyekwisha kufa. Mtoto akizaliwa hai, anaweza kuwa kiziwi au mwenye udumavu wa akili. Na kuna kundi kubwa zaidi ambalo halijulikani kwa macho: watoto wanaotembea, wanaocheza na kusema vizuri, lakini darasani mambo hayaingii. Hao ndio tunaowaita wavivu, na wao wenyewe wakakua wakiamini hivyo.

Sababu yake ni hii. Katika miezi mitatu hivi ya mwanzo, mtoto tumboni hana uwezo wa kutengeneza homoni za tezi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni za mama. Mama akiwa na upungufu, ujenzi unaendelea bila ya kifaa kimoja muhimu, na kinachokosekana wakati huo hakiwezi kurudishwa chote baadaye.

Jambo hili lilithibitishwa Papua New Guinea. Mwaka 1966, kwenye milima yenye upungufu mkubwa, watafiti waligawa familia mafungu mawili. Fungu moja lilipigwa sindano ya mafuta yenye iodini, jingine sindano isiyokuwa nayo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1971. Kwa mama waliopata iodini walizaliwa watoto 498, na 7 kati yao walikuwa na ulemavu mkubwa wa akili na mwili unaoletwa na upungufu huo. Kwa fungu jingine walizaliwa 534, na 26 walikuwa na ulemavu. Tazameni sasa: katika wale 7, mama wa watoto 6 walikuwa tayari wajawazito siku ya sindano. Dawa ilikuwa njema ila ilichelewa. Iodini inatakiwa iwemo mwilini mwa mwanamke kabla mimba haijaingia.

Vidonge vinafika Kasulu

Tanzania ilikuwa na Taasisi ya Chakula na Lishe tangu mwaka 1973, na wataalamu wake walikwisha kupima ukubwa wa tatizo. Jawabu la kudumu lilikuwa kutia iodini katika chumvi yote, lakini hilo lilihitaji sheria, mashine na wazalishaji walio tayari. Mtoto aliye tumboni hasubiri mashine. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1986 Serikali, kwa msaada wa wafadhili, ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye iodini katika wilaya 27 zilizokuwa na hali mbaya zaidi. Kasulu, Kibondo na Kigoma Vijijini zilikuwa miongoni mwao. Wakati huo Buhigwe bado ilikuwa sehemu ya Kasulu, na Kakonko sehemu ya Kibondo.

Kidonge kilikuwa na iodini nyingi ambayo mwili huihifadhi na kuitumia pole pole, kiasi cha kumlinda mtu kwa mwaka mmoja hadi miwili. Mpango ulikuwa kurudia ugawaji kila baada ya miaka miwili. Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Baadhi ya wilaya zilichelewa kuanza, nyengine zilipata awamu ya kwanza kisha zikasubiri muda mrefu, na si kila aliyelengwa alifikiwa. Katikati ya miaka ya 1990 kanuni za kutia iodini katika chumvi zilianza kutumika Bara, na vidonge vikaachwa kidogo kidogo.

Kule kuchelewa kulikuwa mtihani kwa akina mama, lakini kuliacha funzo. Katika kijiji kimoja, hata katika nyumba moja, kulikuwa na mtoto ambaye mama yake alikuwa amekunywa kidonge kabla ya kumbeba, na ndugu yake ambaye alibebwa wakati kinga imekwisha. Baba mmoja, mama mmoja, shamba moja, skuli moja.

Watoto wa nyumba moja

Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa namna hiyo katika wilaya zilizopata vidonge. Walikuta kwamba waliokuwa na kinga tumboni walifika mbali zaidi skuli, kwa wastani wa kati ya 0.35 na 0.56 ya mwaka. Kwa hesabu yetu ni miezi minne hadi karibu saba. Kwa watoto wa kike tofauti ilikuwa kubwa zaidi, na hilo linakubaliana na majaribio ya maabara yanayoonyesha kwamba ubongo wa kike huathirika zaidi mama anapokosa homoni hizo.

Wenzetu, hebu tulifikirie hilo. Katika nchi ambayo binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kutolewa skuli nyumba ikipata dhiki, kumbe kuna binti aliyekuwa amepunguziwa nafasi yake kabla hata ya kupewa jina.

Watafiti wengine, Achyuta Adhvaryu na Anant Nyshadham, walitazama mpango huo huo kwa upande wa wazazi. Waliona kwamba watoto waliolindwa tumboni walipata chanjo zaidi na kunyonyeshwa muda mrefu zaidi. Mtoto aliyezaliwa mchangamfu humvutia mzazi kumwekea juhudi. Yule aliyezaliwa mzito, ambaye ndiye mwenye haja zaidi, anaweza kuambulia kidogo bila ya mzazi kukusudia. Hapo kila mama ajiulize nafsi yake, maana jambo hili halihitaji kwenda Kigoma kuliona.

Amana ya elimu inatutaka tuseme na upande wa pili. Baadaye watafiti wengine walirudia hesabu ya skuli kwa takwimu nyingi zaidi, na hawakuipata tofauti ile kwa uhakika ule ule. Kwa hiyo ukubwa wa faida katika miaka ya masomo bado unabishaniwa. Lisilobishaniwa ni kwamba upungufu mkubwa wa iodini kwa mjamzito huharibu ubongo wa mtoto, na kwamba kinga yake ni rahisi. Mpaka mwaka 2004, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea, rovu kwa watoto wa skuli Bara lilikuwa limeshuka kutoka ile 25% hadi karibu 7%.

Na sisi wa visiwani?

Hapa ndipo tulipotaka kufika. Wengi wetu tutasema hayo ni ya milimani, sisi tunakula samaki, dagaa na pweza, na bahari imetuzunguka. Hata wapangaji wa afya kwa muda mrefu walidhani hivyo. Kisha ukaja utafiti uliofanywa kwa watoto wa skuli wa Unguja na Pemba na kuchapishwa mwaka 2006. Rovu lilikutwa kwa 21.3% ya watoto wa Unguja na 32.0% ya watoto wa Pemba. Nyumba zilizokuwa na chumvi yenye iodini zilikuwa 63.5% Unguja. Pemba zilikuwa 1.0% tu, yaani nyumba moja katika mia.

Pemba ina wazalishaji wengi wadogo wanaokausha maji ya bahari. Chumvi yao ni nyeupe na safi, nayo ni riziki ya halali ya familia nyingi. Lakini maji ya bahari yakishakauka, iodini inayobaki katika chumvi ni kidogo mno. Samaki anayo, lakini si kila nyumba inamla kila siku kwa kiasi cha kutosha, na mjamzito anahitaji zaidi ya wengine. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, na mjamzito 250. Kwa umri wote wa mtu, jumla yake haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Mama wa Pemba aliyezungukwa na bahari na mama wa Kasulu asiyeiona bahari walikuwa katika njaa moja.

Biharusi aanze lini?

Somo anamfundisha mwari mengi kabla ya ndoa. Historia ya Kasulu inatupa sababu ya kuongeza mafunzo machache.

Kwanza, nunueni chumvi iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba ina madini joto. Chumvi ya mawe inayochotwa kwenye gunia sokoni mara nyingi haina.

Pili, itunzeni. Iodini hupotea kwa unyevu, jua na joto. Tieni katika chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na muiweke kwenye mchuzi karibu na kuepua.

Tatu, msizidishe chumvi. Kinachotakiwa ni kubadilisha aina, kwa sababu chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na hilo ni hatari kwa mjamzito. Mwenye maradhi ya tezi asianze kitu chochote bila ya daktari wake.

Nne, anzeni mapema. Wanawake wengi hujua kuwa wana mimba wiki ya sita au ya nane, na kliniki ya kwanza huja baada ya hapo, wakati ubongo wa mtoto umeshaanza kujengwa. Ni vivyo hivyo kwa foliki asidi, ambayo madaktari hushauri ianze kabla ya kushika mimba. Kumuona daktari kabla ya ndoa au katika miezi ya mwanzo ya ndoa si uhuni wala si haraka. Ni maandalizi.

Tunawaambia na mabwana harusi, ambao tunajua wake zao watawasomea. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqarah aya ya 233, inapotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, hapo hapo inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama. Chakula cha mkeo ni chakula cha mwanao. Anayetoka kwenda dukani kununua mahitaji mara nyingi ni wewe, na tofauti ya bei kati ya pakiti ile na chumvi ya gunia ni ndogo mno ukilinganisha na kinacholindwa. Sheria yetu imempa pia mjamzito na mnyonyeshaji rukhsa ya kufungua Ramadhani akihofia nafsi yake au mtoto, kisha aulize wanavyuoni juu ya kulipa. Rukhsa ni rehema, na mke asionewe wala asijionee haya kwa kuitumia.

Kuna jambo moja la mwisho, na ni la moyo. Wapo kina mama watakaosoma haya wakiwa na mtoto mzito wa kusoma au mwenye ulemavu. Haya hatukuyaandika ili mtu ajilaumu. Mama wa Kasulu hawakukosea kitu. Walilima, walipika, walilea, na mvua ilichukua kutoka ardhini kitu ambacho hakuna jicho lingekiona. Tena ulemavu una sababu nyingi, na elimu yote iko kwa Mwenyezi Mungu. Mtoto huyo ndiye mwenye haki zaidi ya subira yenu, chanjo zenu na muda wenu. Ambaye hajazaliwa bado, nafasi yake ipo, na inaanzia kwenye kile kikopo cha chumvi.

Mwenyezi Mungu awajaalie mabiharusi wetu ndoa zenye baraka na kizazi chema chenye afya. Amin.